Jiji Husomwa kwa Miguu

Siku moja mtalii aliniuliza njia ya kwenda jumba la makumbusho la Kisumu. Nikamjibu, "Ni hapo tu mbele." Kumbe hata mimi sikujua! Sisi wa Kisian hupanda matatu, tukashuka stendi, basi. Jiji tunalipita, hatulijui.

Leo tujifunze kuelekeza: nenda moja kwa moja, pinda, vuka, mkabala na.

Anzia bandarini. Reli kutoka Mombasa ilifika huko tarehe 20 Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Ifuate barabara ya Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, hadi mnara wa saa wa mwaka 1938. Hapo uliza njia ya makumbusho, yaliyofunguliwa 1980. Ukifika, utaona boma la Kijaluo.

Naam, kutembea kwingi ni kuona mengi.

Zoezi: Mwelekeze mgeni kutoka njia panda ya Kisian hadi shuleni kwetu kwa sentensi tano. Usiseme "hapo tu mbele"!