Nuru Katika Kucha: Somo la Rangi za Usiku wa Halloween

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, alialikwa jioni moja ya tarehe 31 Oktoba nyumbani kwa mwanafunzi mwenzake. Taa zilipozimwa, watu wote walitoweka gizani, isipokuwa vidole kumi vya mwenyeji wetu. Kucha zake ziling'aa kwa rangi ya kijani iliyofifia, mithili ya vimulimuli. Hapakuwa na taa iliyozimulika, wala waya, wala betri. Mgeni mmoja akauliza: "Nuru hiyo inatoka wapi?"

Wageni wengine walicheka, lakini swali lilikuwa la maana. Yapata miaka mia moja iliyopita, wasichana wa nchi hiyo hiyo walijipaka kucha kwa rangi iliyong'aa gizani, nao hawakupata mtu wa kuwaeleza kwa ukweli nuru yake ilitoka wapi. Baadhi yao walilipa kwa maisha yao. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu na mwanafunzi wa sekondari kulijibu swali hilo, kwa kutumia fizikia na kemia anayoisoma kila siku.

Halloween na rangi zake

Halloween ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo huadhimishwa na Wakristo wa Magharibi tarehe 1 Novemba. Desturi zake zilipelekwa Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland, hasa katika karne ya 19. Watoto huvaa kama mizimu na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Maboga huchongwa sura za kutisha na kuwekwa mshumaa ndani. Kutokana na hayo, rangi za usiku huo ni nyeusi ya giza na ya machungwa kama boga. Siku hizi huongezwa zambarau na kijani. Kila mwaka watengenezaji wa rangi za kucha huuza chupa za rangi hizo, wakiahidi mng'ao wa kila namna: wa kioo, wa lulu, wa upinde wa mvua, na ule wa gizani.

Chupani mna nini?

Rangi ya kucha, ambayo wengi wetu huiita "cutex" kwa kufuata jina la bidhaa moja ya Kimarekani, kwa kawaida ina sehemu kuu nne.

Ya kwanza ni polima inayotanda juu ya ukucha, nayo aghalabu ni nitroselulosi. Hutengenezwa kwa kutia nyuzi za pamba au za mti katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki. Nitroselulosi yenye naitrojeni nyingi zaidi ndiyo pamba ya baruti, aliyoitangaza mkemia Christian Schönbein mwaka 1846.

Ya pili ni viyeyusho, hasa ethili asetati na butili asetati. Hivyo ndivyo vyenye harufu kali tunayoisikia kizibo kinapofunguliwa. Vikishapaa hewani, polima hubaki imekauka juu ya ukucha.

Ya tatu ni vilainishi vinavyoizuia polima isipasuke, pamoja na utomvu wa kuishikiza kwenye ukucha.

Ya nne ni rangi yenyewe. Hapa tutofautishe rangi iyeyukayo na rangi ya unga. Hina, inayotumiwa sana katika pwani yetu, ni ya aina ya kwanza: molekuli zake, ziitwazo lawsoni, huingia ndani ya ukucha na kujifunga kwenye protini yake ya keratini. Ndiyo sababu hina haibanduki, bali husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, yapata milimita 3 kwa mwezi. Rangi ya chupani huwa aghalabu ya aina ya pili. Ni chembe ndogo sana zisizoyeyuka, zilizonaswa ndani ya polima kama mchanga ndani ya saruji.

Njia ya kwanza: nuru kufyonzwa

Nuru nyeupe ni mkusanyiko wa mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Kaboni ya unga, inayofanana na masizi ya kibatari, hufyonza karibu mawimbi yote. Hakuna kinachorudi jichoni, nasi tunasema ni nyeusi. Rangi ya machungwa hufyonza mawimbi mafupi ya urujuani na buluu, na kuyarudisha marefu yaliyo kandokando ya nanomita 600. Kwa hiyo rangi ya namna hii ni mabaki ya nuru: ni ile sehemu iliyokataliwa na chembe. Taa ikizimika, nayo hutoweka.

Njia ya pili: nuru kuakisiwa na kutawanywa

Chukua kucha mbili zilizopakwa rangi nyeusi ile ile. Moja yametameta kama kioo, nyingine imefubaa kama ubao wa darasani. Tofauti yao haiko katika rangi, bali katika uso. Uso laini huakisi miale yote upande mmoja, kama maji ya ziwa lililotulia. Uso wa ile iliyofubaa una vijinundu vya silika, navyo hutawanya miale kila upande, kama maji yanayotibuliwa na upepo.

Katika aina nyingine, chembe za chuma hutiwa katika rangi. Kabla haijakauka, sumaku ndogo husogezwa karibu na ukucha kwa sekunde chache. Chembe hugeuka na kufuata mistari ya uga wa sumaku, kisha rangi hukauka na kuzifunga hivyo hivyo. Hutokea mstari wa nuru unaohama mkono ugeukapo, kama jicho la paka. Mwalimu ambaye amewahi kunyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi yenye sumaku chini yake atalitambua jambo hilo mara moja.

Njia ya tatu: mawimbi kuingiliana

Mng'ao wa lulu hutokana na ulanga, madini yanayochanika kuwa matabaka membamba, ambayo yaliwahi kuchimbwa hata katika milima yetu ya Uluguru. Vipande vidogo vya ulanga hufunikwa kwa utando wa dioksidi ya titani. Nuru ikifika hapo, sehemu huakisiwa juu ya utando na sehemu chini yake. Mawimbi hayo mawili yakikutana, baadhi ya rangi huimarishana na nyingine hufutana. Utando wa nanomita 50 hivi hutoa weupe wa fedha. Ukizidi kuwa mnene hutoa manjano, kisha nyekundu, kisha buluu na kijani. Unga ni ule ule, unene tu ndio uliobadilika. Hizo ndizo rangi tuzionazo mafuta ya gari yanapotanda juu ya dimbwi barabarani.

Mng'ao wa upinde wa mvua una asili iliyo karibu na hiyo. Vipande vyake vimechorwa mifereji myembamba iliyopangika sawasawa, ambayo huipeleka kila rangi upande wake, kama uso wa sidii unavyofanya.

Njia ya nne: nuru kutolewa upya

Katika njia tatu zilizotangulia, chembe hazikutoa nuru yoyote. Zilichagua na kuelekeza nuru iliyoletwa. Sasa tunafika kwenye mng'ao wa Halloween wenyewe, nao una aina mbili ambazo watu huzichanganya.

Aina ya kwanza ni fluoresensi, jina lililotolewa na George Stokes mwaka 1852. Molekuli hupokea mwale wa urujuanimno, yaani mwale usioonekana ulio ng'ambo ya urujuani. Elektroni hupanda ngazi ya juu ya nishati. Sehemu ya nishati hiyo hupotea kama joto, kisha elektroni hushuka na kutoa mwale wenye nishati pungufu, ambao jicho laweza kuuona. Yote hayo hutokea ndani ya sehemu za bilioni za sekunde. Kwa hiyo taa ya urujuanimno ikizimwa, mng'ao nao hukoma papo hapo.

Aina ya pili ni fosforesensi, na hiyo ndiyo iliyoonekana katika vidole vya mwenyeji wetu. Hapa hutumika salfidi ya zinki iliyotiwa shaba kidogo sana. Elektroni zilizopandishwa na nuru hunaswa katika mitego ndani ya fuwele. Joto la kawaida la chumba huziachia moja baada ya nyingine, na kila inayoshuka hutoa cheche ya nuru ya kijani. Fuwele hiyo ni kama mtungi uliojazwa mchana ukavuja usiku: nuru inayotoka ni ile iliyoingia. Baada ya muda mtungi hukauka, na ukucha huwa mweusi tena.

Sheria za Marekani zinaruhusu salfidi hiyo ya zinki katika rangi za kucha na vipodozi vya uso, lakini zinasema kwamba vipodozi vya uso vyenye dawa hiyo ni vya nyakati chache tu, na mfano unaotajwa katika sheria yenyewe ni Halloween.

Nuru isiyozimika

Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie waligundua radi, elementi nururifu. Baadaye watu walitambua kwamba ukichanganya radi kidogo na salfidi ya zinki, unapata rangi ing'aayo usiku kucha, kila usiku, bila kuanikwa mwangani. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, New Jersey, wasichana waliajiriwa kuipaka rangi hiyo kwenye nyuso za saa. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Waliambiwa haina madhara. Kwa kuwa ilipendeza, baadhi yao walijipaka kucha, na hata meno, ili wang'ae gizani waendapo dansi.

Lau wangelifundishwa kuuliza nuru hiyo inatoka wapi, jibu lingewashtua. Haikutoka juani wala katika taa. Ilitoka katika viini vya atomu za radi vilivyokuwa vikivunjika na kurusha chembe za alfa, na kila chembe iliyoigonga salfidi ya zinki ilitoa cheche. Nusu ya radi huisha baada ya miaka 1,600 hivi. Basi mtungi huo haukauki katika maisha ya mwanadamu. Tena radi iko katika kundi moja na kalsi katika jedwali la elementi, hivyo mwili huipokea kama kalsi na kuihifadhi mifupani. Huko iliendelea kurusha chembe zake. Wasichana waling'oka meno, mifupa ya taya ikaoza, na wengi wakafa wangali vijana. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1928. Kisa chao kilisaidia kuweka msingi wa kanuni za kuwalinda wafanyakazi dhidi ya mnururisho.

Macho peke yake hayawezi kutofautisha ukucha wa radi na ukucha wa salfidi ya zinki. Wote ni kijani, wote wapendeza. Mwenye kuzitofautisha ni yule aulizaye juu ya nishati, kisha akaufanyia mng'ao majaribio.

Majaribio ya darasani

Tahadhari: ethili asetati hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika nyuzi 4 za sentigredi chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa juu ya meza. Fungua madirisha, wala usifungue chupa karibu na mshumaa, jiko au sigara.

Jaribio la 1. Jaza maji katika beseni na uzamishe karatasi nyeusi. Dondosha tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi. Litatanda na kukauka. Inua karatasi polepole ili utando ukae juu yake, kisha uanike. Eleza rangi utakazoziona, ukikumbuka kwamba chupani hamkuwamo rangi yoyote.

Jaribio la 2. Weka maji ya toniki yenye kwinini katika glasi, na maji ya kawaida katika nyingine. Zimulike gizani kwa taa ya kukagulia noti. Usiitazame taa yenyewe. Zima taa na uangalie kama mng'ao unabaki.

Jaribio la 3. Pata kibandiko au rangi ing'aayo gizani. Ianike dakika moja chini ya karatasi angavu ya buluu, kisha rudia kwa karatasi nyekundu, ukiiacha izimike kabisa kati ya majaribio hayo mawili. Linganisha mng'ao.

Maswali

1. Kwa nini nuru nyekundu, hata ikiwa kali, hushindwa kuujaza mtungi ambao nuru hafifu ya buluu huujaza?

2. Ukikipasha joto kidogo kibandiko kinachong'aa, mng'ao huongezeka lakini hudumu muda mfupi zaidi. Eleza kwa kutumia mitego ya elektroni.

3. Umepewa saa mbili za kale zenye nyuso zilizopakwa rangi ya kung'aa. Zote mbili zimefungiwa katika sanduku la giza kwa mwezi mzima. Ulipofungua usiku, moja iling'aa na nyingine haikung'aa. Ipi ungekataa kuifungua kifuniko, na kwa nini?

4. Kwa nini saa ya tatu, iliyopakwa radi zamani, yaweza ising'ae kabisa leo na bado ikawa ya hatari? (Fikiri juu ya kinachochakaa: radi, au fuwele ya salfidi ya zinki?)

Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali la nne amevuka somo la rangi za kucha. Amekwisha kufahamu kwamba kung'aa si ushahidi wa usalama, wala kutong'aa si ushahidi wake.