ELIMU YA AFYA: KIKOHOZI KINACHORUDI BAADA YA KUTIBIWA KIFUA KIKUU

Watumishi wa afya na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba si kila kikohozi kinachomrudia mtu aliyekwisha kutibiwa kifua kikuu huwa ni kifua kikuu tena. Baadhi ya wagonjwa hao huwa wamepatwa na maradhi ya fangasi wa mapafu, nao wakirudishiwa dawa za kifua kikuu hawapati nafuu, na pafu huendelea kuharibika.

Asili ya maradhi
Fangasi aitwaye aspergilasi huishi katika udongo, majani yaliyooza na nafaka zilizovunda. Mbegu zake huruka hewani na kila mtu huzivuta bila ya kujua. Mwenye mapafu mazima kwa kawaida hazimdhuru. Lakini kifua kikuu, hata kikipona, huweza kuacha mashimo ndani ya pafu. Humo fangasi huota, na pengine hujikusanya kuwa donge. Maradhi haya hayaambukizwi na mtu kwa mtu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka fangasi wa jamii hii katika kundi la kwanza la fangasi wa hatari.

Dalili
Kikohozi cha miezi 3 au zaidi, kupungua uzito, uchovu, kukosa pumzi na kukohoa damu.

Uchunguzi
1. Makohozi yapimwe kwanza kifua kikuu. Izingatiwe kwamba kipimo cha vinasaba huweza kuonesha vijidudu vilivyokwisha kufa. Kuotesha makohozi katika maabara ndiko kunakothibitisha vilivyo hai.
2. Mgonjwa apigwe eksirei ya kifua, nayo ilinganishwe na ya zamani. Shimo lililoongezeka, kuta zilizonenepa au donge ndani ya shimo ni ishara ya fangasi.
3. Damu ipimwe kingamwili za aspergilasi. Pasipo na kipimo hicho, mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa.

Tiba
Dawa itumikayo zaidi ni itrakonazoli, kwa miezi isiyopungua 6, chini ya uangalizi wa daktari. Isichanganywe na rifampisini, ambayo huipunguza nguvu.

Kila aliyetibiwa kifua kikuu anashauriwa kuhifadhi kadi yake ya matibabu na picha zake za eksirei, na kuzionesha kila aendapo kutibiwa. Anayekohoa damu nyingi afikishwe hospitali bila ya kuchelewa.