Wanawake wa Sayansi na Dawa Ndogo Kuliko Vumbi

Katika Baiolojia tumejifunza habari za bakteria wa kifua kikuu, na katika Fizikia tumejifunza vipimo. Hapa nataka kuyaunganisha masomo hayo mawili, nikieleza kazi ya wanawake wawili wa Afrika waliojaribu kuifanya dawa ya zamani itende kazi kwa njia mpya.

Kwanza yafaa tujue ukubwa wa kitu tunachokizungumza. Ukiigawa mita moja katika sehemu 1,000, kila sehemu ni milimita. Milimita hiyo ukiigawa tena katika sehemu 1,000,000, kila sehemu ni nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Utabibu wa nano, basi, ni elimu ya kutengeneza dawa, au vifuko vya kubebea dawa, vyenye upana wa nanomita chache hata mamia kadhaa.

Pengine msomaji atauliza, udogo huo una faida gani? Tufanye hesabu. Chukua mchemraba wenye sentimita 1 kila upande. Jumla ya nyuso zake sita ni sentimita 6 za mraba. Ukiukata uwe michemraba ya nanomita 100 kila upande, uzito haubadiliki, lakini jumla ya nyuso zote huwa mita 60 za mraba, karibu sawa na sakafu ya darasa letu. Kitu huyeyuka na kugusana na vingine kwa uso wake. Kwa hiyo kitu kilichogawanywa hivyo hutenda kazi kwa wepesi zaidi. Tena, udogo wake hukiwezesha kupenya mahali ambapo kikubwa hakipiti.

Sasa tutazame kifua kikuu. Tiba yake ya kawaida ni ya miezi sita. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa hupewa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne huendelea na mbili, rifampisini na isoniazidi. Shida ni kwamba kikohozi hukoma mapema kuliko bakteria. Nyumbani kwetu nilimjua mzee mmoja aliyeacha vidonge mwezi wa tatu, kwa kuwa alikwisha pata nguvu za kurudi shambani. Ugonjwa ulirudi, naye hakupona. Anayeacha dawa njiani hujidhuru mwenyewe, na pia huweza kuwaachia wengine bakteria waliozoea dawa.

Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliishughulikia shida hiyo alipokuwa katika Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda, mjini Pretoria, Afrika Kusini. Yeye na wenzake walikusudia kuzitia dawa zile zile katika vifuko vya nano vinavyozitoa polepole, ili mgonjwa aweze kumeza dawa mara moja kwa juma badala ya kila siku.

Vifuko hivyo vilitengenezwa kwa polima iitwayo PLGA, ambayo madaktari walikwisha itumia katika nyuzi za kushonea majeraha. Ndani ya mwili polima hiyo huvunjwa na maji, ikawa asidi mbili ambazo mwili unaweza kuzitumia au kuzitoa. Namna ya kuitengeneza si ngeni kwa mtu aliyewahi kutazama maziwa: dawa iliyo katika maji hukorogwa kwa nguvu pamoja na polima iliyoyeyushwa, mpaka vitone vidogo sana vinaelea. Kisha mchanganyiko hunyunyizwa katika hewa ya moto ukauke, kama yanavyofanywa maziwa ya unga.

Bakteria wa kifua kikuu ana ujanja wake. Humezwa na seli nyeupe zinazolinda mapafu, kisha badala ya kufa huishi humo humo ndani. Lakini seli hizo humeza pia chembe nyingine ngeni. Kwa hiyo kifuko cha dawa kinaweza kuingia kwa mlango ule ule alioingia adui.

Mwaka 2010 Boitumelo Semete, Swai na wenzao walitangaza majaribio waliyowafanyia panya ili kuona vifuko hivyo huenda wapi mwilini. Vingi zaidi vilikutwa katika ini, na viungo havikuonyesha madhara. Ni hatua ya lazima, kwa maana dawa isiyojulikana inakokwenda haifai kupewa mtu. Hata hivyo, kutoka panya hadi mgonjwa ni safari ndefu, na tiba ya kawaida ya kifua kikuu bado ni ile ya vidonge vya kila siku.

Tusidhani kwamba elimu hii ni ndoto. Chanjo za Uviko-19 zilizoanza kutolewa mwaka 2020 kwa kutumia RNA zilibebwa katika vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Bibi Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungaria, ambaye mwaka 1995 alishushwa cheo chuoni kwa kukosa fedha za utafiti, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023 pamoja na Drew Weissman kwa ugunduzi uliowezesha chanjo hizo.

Profesa Swai alirudi Tanzania kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na Umoja wa Afrika ulimpa Tuzo ya Kwame Nkrumah ya mwaka 2020. Semete, mwaka huo huo, aliwekwa kuwa mkuu wa mamlaka inayoidhinisha dawa Afrika Kusini.

Sisi wa kidato cha nne tutachagua michepuo karibuni. Wasichana wenzangu wanaosema kwamba Kemia na Fizikia ni za wavulana, nawaomba waisome tena hesabu ya mchemraba. Hesabu ile haikuuliza anayeifanya ni nani. Na dawa ya mara moja kwa juma bado inamngoja mtu wa kuimaliza.