Akiba ya uzeeni ikihama, isipitie kwenye simu yako

Sisi kazi yetu ni kutuma na kupokea pesa, kwa hivyo ushauri huu huenda ukakushangaza: kuna pesa ambazo hatutaki uzipokee kwenye laini yako. Ni akiba yako ya uzeeni inapotoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Tuseme umefanya kazi miaka 12 kwenye kiwanda cha majani chai upande wa Othaya. Una miaka 41, umepata kazi nyingine Karatina, na michango yako kwenye mfuko wa mwajiri wa zamani imefika nusu milioni. Unapewa fomu: ulipwe au uhamishe? Wengi husema, wacha nilipwe kwanza nizione hizo pesa, halafu nitaziweka mwenyewe kwenye mfuko mpya. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Pesa zikihama moja kwa moja kutoka mfuko uliosajiliwa hadi mwingine uliosajiliwa, KRA haihesabu kwamba umelipwa. Hakuna kodi siku hiyo. Lakini ukilipwa, hata kama utakaa nazo wiki moja tu, umetoa akiba kabla ya wakati. Msimamizi wa mfuko anakata kodi inayostahili, ambayo hupanda kadiri kiasi kinavyopanda, na wewe unapata kilichobaki.

Sasa jaribu kuzirudisha. Nafuu ya kodi kwa michango ya uzeeni ina kikomo: shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, na isizidi asilimia 30 ya mshahara wako. Michango yako ya NSSF imo ndani ya hizo 30,000. Kwa hivyo ukiingiza laki nne kwa mpigo, kinachozidi kikomo hakipati nafuu yoyote, na ile kodi uliyokatwa mwanzo hairudi. Umelipa kodi kwa kuzungusha pesa zako mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kusubiri. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, malipo unayopata ukifikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko hayatozwi kodi ya mapato. Vilevile ukistaafu mapema kwa ugonjwa, au ukitoka baada ya miaka 20 tangu uandikishwe kuwa mwanachama. Zamani mkupuo usiotozwa kodi uliishia shilingi 600,000, na bado kuna watu wanaotoa ushauri kwa hesabu hiyo ya zamani. Hiyo miaka 20 ndiyo sababu tunakusihi uulize, kabla ya kutia sahihi, tarehe yako ya kujiunga itahamaje. Jibu lije kwa maandishi.

Angalia pia aina ya mfuko unakoenda. Mfuko wa pensheni hukupa theluthi moja kwa mkupuo unapostaafu, na zinazobaki zinakulipa kidogo kidogo. Mfuko wa akiba hukupa zote mara moja. Kikodi, ukifika umri huo, tofauti si kubwa tena. Kimaisha ni kubwa sana, maana Karatina siku ya soko pesa hailali.

Na kama huna mwajiri? Mpango wa Mbao ulianzishwa mwaka 2011 kwa watu wa jua kali, shilingi 20 kwa siku kupitia simu, na jina lenyewe linatoka hapo. Kwa kuingiza michango, simu inafaa sana. Shida ni kuitumia kama kituo cha katikati wakati wa kuhama.

Kuna mwenye karo ya Januari au bili ya hospitali isiyongoja, na huyo hatumlaumu akichagua kulipwa. Aombe tu hesabu kwanza: jumla ni ngapi, kodi ngapi, mkononi zitabaki ngapi. Ajue pia kwamba kwa kawaida sehemu ya mchango wa mwajiri hubaki imefungwa hadi astaafu.

Anayehama aanzie kwenye mfuko mpya. Hakikisha umesajiliwa na RBA, chukua barua ya kukupokea, ipeleke kwa mfuko wa zamani pamoja na kitambulisho na fomu ya kuhamisha. Kwenye fomu utaulizwa PIN ya KRA, hiyo andika. Mtu akikupigia akitaka PIN ya simu ili “aharakishe uhamisho”, kata simu.