Picha ya Kifua: Inachoonyesha na Isichoonyesha

Mgonjwa amekohoa wiki mbili, jioni homa inapanda, na ubavu unamchoma kila avutapo pumzi. Daktari anamwandikia picha ya kifua. Wengi hudhani picha hiyo ndiyo itakayotaja ugonjwa. Kazi yake hasa ni kuonyesha maambukizi yako wapi na yameenea kiasi gani. Kimelea chenyewe hutafutwa maabara, kwenye makohozi, damu au maji yaliyovutwa ubavuni.

Eksirei hutangulia

Pafu lenye hewa huonekana jeusi kwenye eksirei. Nimonia ikijaza majimaji na usaha kwenye vifuko vya hewa, sehemu hiyo hugeuka nyeupe. Kifua kikuu kwa watu wazima mara nyingi hushika sehemu ya juu ya pafu, na huweza kulitoboa. Kikisambaa kwa njia ya damu, mapafu yote hujaa vitone mithili ya punje za uwele.

Hata hivyo, kovu la zamani au saratani huweza kuonekana vivyo hivyo. Ndiyo maana makohozi hupimwa, mara nyingi kwa mashine ya GeneXpert. Aidha, mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu na picha yake ikatoka safi. Kwa hiyo, ukiombwa makohozi baada ya picha, yatoe.

Maji nje ya pafu

Maambukizi yanaweza kusababisha maji kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Eksirei ya mbele, mgonjwa akiwa amesimama, huyaonyesha vizuri yakifika takriban mililita 200. Ultrasaundi huyaona yakiwa machache zaidi, na haitumii mionzi. Pia huonyesha kama ndani yake mna nyuzi na vyumba vyumba, dalili kwamba huenda usaha unajikusanya, na humwelekeza daktari mahali salama pa kupitisha sindano. Usaha wa hapo kwa kawaida hauishi kwa dawa peke yake. Huhitaji kutolewa kwa mrija.

Siti skani kwa maswali magumu

Siti skani hufuata nimonia ikikataa dawa, jipu likishukiwa ndani ya pafu, au kukiwa na wasiwasi wa uvimbe uliojificha. Eksirei moja ya kifua ina mionzi ya takriban milisiveti 0.1, sawa na ile ya asili tunayoipata kwa siku 10 hivi. Siti skani ya kawaida ya kifua huweza kuwa na makumi ya mara ya kiasi hicho, kwa hiyo haipigwi bila sababu.

Ukiingia chumba cha picha

- Sema mapema kama una mimba au unahisi unayo. Kwa siti skani ya kuchomwa dawa, taja pia mzio na ugonjwa wa figo.
- Vua mkufu na nguo zenye vyuma. Funga nywele juu: misuko minene ikiangukia mabegani huweka kivuli juu ya pafu, pale pale panapotafutwa kifua kikuu.
- Ukiambiwa vuta pumzi, vuta hadi mwisho na uibane. Pumzi fupi huifanya sehemu ya chini ya mapafu ionekane kama ina ugonjwa.
- Beba picha zako za zamani. Alama iliyokuwapo miaka mitatu iliyopita bila kubadilika yaelekea ni kovu tu.

Baada ya matibabu

Mgonjwa wa nimonia huweza kupata nafuu huku picha ikiwa bado na weupe kwa wiki kadhaa. Anayeendelea vizuri hana haja ya kupigwa picha kila wiki. Ila mvutaji sigara, mwenye umri zaidi ya miaka 50, au ambaye dalili hazimwishi, amwulize daktari kuhusu kurudia picha baada ya wiki 6 hivi.

Mtu akihema kwa shida, akikohoa damu, akichanganyikiwa au midomo ikigeuka bluu, akimbizwe hospitali hata kama tarehe yake ya picha haijafika.