Ala ya Jambia la Oman: Ikague Kabla ya Kutoa Pesa

Mtu akishika jambia la zamani la Oman, haraka yake ni kulichomoa aone makali. Liache kwanza alani. Sehemu kubwa ya ufundi wa masonara iko kwenye ala, na humo ndimo udanganyifu hujificha.

Anza na pete. Ala nyingi huwa na pete nne. Zenye saba kwa kawaida ni za mtindo wa Saidi, unaobeba jina la Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856. Pete mbili za pembeni hushika mshipi. Zilizobaki huunganishwa kwa nyuzi za fedha zilizosukwa. Pitisha kucha ndani ya pete za mshipi: jambia lililovaliwa miaka mingi huwa na pete zilizolika upande mmoja. Zikiwa nene sawasawa kote, muulize muuzaji lini zilibadilishwa.

Kisha tazama chini ya pete. Mwili wa ala ni mbao iliyovikwa ngozi, na juu ya ngozi hudariziwa nyuzi za fedha. Nyuzi chache kukatika ni uzee wa kawaida. Gundi inayong'aa katikati yake ni matengenezo ya juzi. Nakshi iliyochongwa kwa mkono ina kingo kali. Ya kumiminwa kwenye kalibu huwa butu, na mara nyingine ina vitundu vidogo. Palipochubuka pakitoa rangi ya njano, hiyo ni shaba iliyopakwa fedha. Fedha yenyewe mara nyingi ilipatikana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu za Austria zenye mwaka 1780.

Ukishainunua, usiing'arishe mpaka iwe kama mpya. Weusi uliolala ndani ya nakshi ndio unaoifanya ionekane, na kila ukisugua unaondoa fedha. Usiichovye kwenye dawa ya kusafishia vito, kwani dawa hupenya hadi kwenye ngozi na mbao. Kitambaa laini kikavu cha pamba kinatosha. Jambia na ala vihifadhiwe mbalimbali, hasa huku pwani kwenye unyevu: ngozi hushika maji na chuma hushika kutu. Usifunge kwa mpira, maana salfa yake huitia fedha weusi. Ukiona utando wa kijani ngozi inapogusana na shaba, ukwangue taratibu kwa kijiti cha mbao.

Jambo moja linaweza kukufikisha mahakamani: mpini. Mipini mingi ya zamani ni ya pembe ya kifaru au ya ndovu. Vifaru wote wamo tangu 1977 katika CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo usivuke mpaka na mpini wa namna hiyo bila kibali. Waone maofisa wa wanyamapori kabla hujalipa, na uwaonyeshe picha za mpini zilizopigwa kwa karibu.