Kompyuta Imegoma Kuwaka? Anzia Ukutani

Umebonyeza kitufe, kimya. Au feni zinavuma lakini kioo ni cheusi tii. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na ukiyatofautisha mapema utajua pa kushika kabla hujabeba kompyuta ya mezani kwenye bodaboda kwenda kwa fundi.

1. Hakuna taa wala sauti? Huo ni umeme. Achana na ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani, kwenye soketi uliyoijaribu kwa chaja ya simu. Kisha zunguka nyuma ya kasha. Pawa saplai nyingi zina swichi yenye alama za I na O, na wakati wa kufagia ni rahisi mtu kuisukuma ikaenda kwenye O bila kujua. Waya nao hufa. Wa monita mara nyingi ni wa aina ileile, basi jaribu huo.

2. Mashine ya mtumba ikague volti kabla ya kuichomeka. Pawa saplai za zamani zina kiswichi, mara nyingi chekundu, cha kuchagua 115 au 230. Marekani hutumia volti 120; Tanzania ni 230 na Kenya 240. Ukiichomeka huku ikiwa imewekwa 115, itaungua papo hapo.

3. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo? Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha chomeka upya. Pawa saplai hujifunga ili kujilinda, na ikishamaliza chaji iliyobaki ndani huweza kuamka. Ni tiba ya bure, ianze hiyo.

4. Feni zinazunguka, kioo cheusi? Hakikisha monita ina taa na kebo yake imekaza. Kama kompyuta ina kadi ya picha, kebo ichomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye madabodi.

Bado? Shuku RAM. Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela, maana vumbi na unyevu kwenye meno yake huifanya mashine ionekane imekufa kabisa. Nimeona mwenye steshenari akiambiwa anunue madabodi nyingine, kumbe kilichohitajika ni raba ya kufutia penseli. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini, fungua vibano, toa RAM. Sugua taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu kwa raba safi, pangusa mabaki, irudishe na uikandamize mpaka vibano vilie “ta”. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, na kila nafasi. Usiwe na haraka.

5. Sikiliza milio. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni salama. Inayojirudia ni ujumbe, na maana yake hutegemea mtengenezaji. HP nyingi hulia huku taa nyekundu ikimweka. Dell nyingi humweka taa ya rangi ya chungwa. Hesabu, andika, kisha tafuta maana kwa jina la modeli yako.

6. Saa inarudi nyuma kila ukiwasha, na mashine inakutaka ubonyeze F1? Badilisha betri ya madabodi, CR2032 ya volti 3, ile bapa kama sarafu.

7. Inawaka lakini inasema haioni diski? Toa flashi uliyoisahau. Kisha kaza kebo za diski.

8. Pawa saplai usiifungue. Kapasita zake hushikilia umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Ikinuka kuungua, nunua nyingine.

9. Ukifika kwa fundi, taja mafaili yako kwanza. Kompyuta kutowaka hakumaanishi diski imekufa. Mara nyingi hutolewa ikasomwa kwenye mashine nyingine, na picha za harusi, hesabu za duka na mitihani ya wanafunzi vikapatikana vyote. Kinachovifuta ni haraka ya kupiga Windows upya. Kwa hiyo mwambie kabla hajashika bisibisi: usifomati kitu mpaka mafaili yangu yahamishwe, na nione kwa macho yangu kwamba yanafunguka.